Onyo la checkpatch na Stringi Zisizo Salama Ndani ya Kerneli

Onyo jipya linapoongezwa kwenye checkpatch.pl, skripti ya Perl inayokagua viraka vya kerneli ya Linux (mabadiliko yanayopendekezwa kwa kiini cha mfumo huo wa uendeshaji) kabla havijatumwa kwa wasimamizi, mabadiliko yenyewe kwa kawaida hayazidi mistari michache: ruwaza ya kunasa jina la funksheni, jina la aina ya onyo kwa herufi kubwa, na sentensi moja ya kumweleza mwandishi atumie nini badala yake. Kwa macho ni kazi ndogo. Lakini sentensi hiyo itasomwa na watu wengi kuliko ukurasa wowote wa nyaraka, na wengi wao wataitii papo hapo, kwa kuwa wanachotaka ni kuona hesabu ya maonyo imerudi sifuri. Ndiyo maana naona kwamba maonyo yanayohusu uundaji wa stringi, yaani mfululizo wa herufi, yanahitaji uangalifu wa pekee. Katika eneo hili, ushauri ambao ni sahihi mara nyingi unaweza kuzaa hitilafu mpya pale unapofuatwa bila kuusoma msimbo unaohusika, na hitilafu hiyo mpya ikawa imejificha zaidi ya ile iliyoondolewa.

Checkpatch imo ndani ya msimbo wa kerneli wenyewe tangu mwaka 2007. Haijengi chochote, wala haiielewi lugha ya C jinsi kompaila inavyoielewa. Inasoma kiraka mstari kwa mstari, inaitazama hasa mistari iliyoongezwa, kisha inailinganisha na ruwaza zake. Matokeo yake yana ngazi tatu: kosa, onyo, na ukaguzi mdogo ambao huonekana tu ukiuomba kwa --strict, isipokuwa kwa faili za mtandao na za staging (saraka ya msimbo ambao bado haujakomaa), ambako ngazi hiyo huwashwa yenyewe. Kwa sababu inashughulika na kinachoongezwa, haimdai mwandishi wa leo madeni ya mwandishi wa miaka 20 iliyopita. Hapo ndipo ilipo nguvu yake. Kerneli ina zaidi ya mistari milioni 30, na hakuna atakayeisafisha yote kwa mkupuo mmoja. Kinachowezekana ni kuzuia matumizi mapya ya funksheni mbovu yasiingie, huku watu wengine wakiyaondoa yale ya zamani kidogo kidogo. Strlcpy, funksheni ya kunakili stringi, iliondoka kwa njia hiyo: ilitangazwa kuwa imepitwa na wakati, checkpatch ikawaonya waliotaka kuitumia upya, viraka vya kuibadilisha vikapita katika mifumo midogo mmoja baada ya mwingine, na katika toleo la 6.8, mwaka 2024, funksheni yenyewe ikafutwa.

Hoja yangu naiweka kwenye onyo linalopendekeza scnprintf badala ya snprintf, funksheni ya kuunda stringi kwa kufuata fomati, kwa sababu snprintf ndiyo inayowachanganya hata watu wenye uzoefu. Wengi tulifundishwa kwamba sprintf ni hatari kwa kuwa haijui ukubwa wa bafa (eneo la kumbukumbu) inayoandikiwa, na kwamba snprintf ndiyo salama kwa kuwa inapokea ukubwa huo na haiandiki nje yake. Yote mawili ni kweli. Tatizo la snprintf haliko kwenye inachoandika bali kwenye inachorudisha. Tangu kiwango cha C99, snprintf hurudisha idadi ya herufi ambazo zingeandikwa kama nafasi ingetosha, si idadi ya herufi zilizoandikwa. Ukiwa na bafa ya baiti 16 na stringi ya herufi 40, itaandika herufi 15 na baiti ya sifuri ya mwisho, kisha itakurudishia 40. Scnprintf, ambayo ni ya kerneli na haimo katika maktaba ya kawaida ya C, hurudisha 15.

Tofauti hiyo inaonekana ya kinadharia mpaka ukutane na msimbo wa namna hii, ambao umeandikwa mara nyingi mno katika draiva zinazojaza bafa kwa vipande:

urefu += snprintf(bafa + urefu, ukubwa - urefu, "%s\n", jina);

Chukua bafa ya baiti 64 ambayo tayari imeandikwa baiti 60. Zimebaki nne. Kipande kinachofuata kina herufi kumi. Snprintf itaandika herufi tatu na sifuri ya mwisho, jambo ambalo ni salama kabisa, kisha itarudisha kumi, na urefu utakuwa 70. Katika mzunguko unaofuata, ukubwa toa urefu ni hasi sita, lakini parameta ile ni ya aina size_t isiyo na alama ya hasi, kwa hiyo kwenye mashine ya biti 64 inageuka kuwa 18446744073709551610. Funksheni inaambiwa kwamba mbele yake kuna nafasi isiyo na mwisho, na inaelekezwa kuanza kuandika baiti sita nje ya bafa.

Waandishi wa vsnprintf ya kerneli waliliona hilo. Mwanzoni mwa funksheni hiyo kuna ukaguzi unaokataa ukubwa wowote unaozidi INT_MAX (namba kubwa kabisa ya aina ya int): hutoa onyo kwenye kumbukumbu za mfumo na kurudisha sifuri bila kuandika chochote. Kwa hiyo, ndani ya kerneli, msimbo ule hauandiki nje ya bafa. Wengine hutumia ukweli huu kudai kwamba snprintf haina neno. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu urefu bado ni 70 wakati bafa ni ya 64, na namba hiyo inakwenda mahali fulani. Katika faili za debugfs (zinazoonyesha hali ya ndani ya kerneli kwa ajili ya utatuzi wa hitilafu), kwa mfano, mara nyingi inapelekwa moja kwa moja kwa simple_read_from_buffer, ambayo kazi yake ni kunakili baiti hizo kwenda upande wa mtumiaji. Imeambiwa kuna baiti 70. Itanakili baiti 70. Zile sita za mwisho ni za kitu kingine kilichokuwa jirani na bafa hiyo katika kumbukumbu, na huenda kitu hicho ni kielekezi (anwani ya kumbukumbu) cha ndani ya kerneli au sehemu ya data ya mtu mwingine. Kinga ya hardened usercopy, inayokagua unakili kati ya kerneli na mtumiaji, iliyoingia katika toleo la 4.8 inaweza kulikamata jambo hili pale bafa inapokuwa imetengwa kwa kmalloc na kinga yenyewe ikiwa imewashwa, lakini kutegemea kinga ya nje ili msimbo ulioandikwa vibaya uwe salama si namna ya kuandika kerneli.

Upande wa sysfs, yaani faili zinazomwonyesha mtumiaji sifa za vifaa na draiva, kuna ulinzi wa ziada. Funksheni ya kuonyesha sifa hupewa bafa ya ukurasa mmoja, ambao kwa mashine nyingi ni baiti 4096, na kama ikirudisha hesabu inayofikia au kuzidi ukurasa huo, kerneli inalalamika kwa jina la funksheni husika na kuipunguza hesabu. Hata hivyo, tangu toleo la 5.10 la mwaka 2020 kuna sysfs_emit na sysfs_emit_at, ambazo zinajua kwamba bafa ni ukurasa mzima, zinahakikisha kwamba anwani iliyopewa ni mwanzo wa ukurasa, na zinakataa kuandika ikiwa sivyo. Kwa sysfs hakuna la kujadili: tumia hizo.

Basi onyo la kupendekeza scnprintf badala ya snprintf lina msingi imara, na ninaliunga mkono. Lakini mtu akilitii bila kusoma, hali inageuka kabisa. Kuna mahali ambapo mwandishi alichagua snprintf kwa sababu ileile inayoifanya iwe hatari kwingine, yaani kwa sababu inarudisha urefu ambao ungehitajika:

if (snprintf(njia, sizeof(njia), "%s/%s", saraka, faili) >= sizeof(njia))
        return -ENAMETOOLONG;

Huu ni msimbo mzuri. Unauliza kama jina limekatwa, na likikatwa unakataa kuendelea. Badilisha snprintf kuwa scnprintf, na sharti lile halitatimia milele, kwa kuwa scnprintf haiwezi kurudisha namba inayofikia ukubwa wa bafa. Kompaila haitalalamika. Checkpatch itanyamaza. Majaribio ya kawaida, yenye majina mafupi, yatapita yote. Na siku jina refu litakapokuja, kerneli itafungua, itaunda au itafuta kitu chenye jina lililokatwa, ambalo huenda ni jina halali la kitu kingine. Onyo la usalama litakuwa limeondoa ukaguzi wa usalama.

Mfano mwingine uko ndani ya kerneli yenyewe, katika kvasprintf, funksheni inayotenga kumbukumbu ya kutosha stringi kabla ya kuiandika. Hatua yake ya kwanza ni kuita vsnprintf ikiwa na kielekezi tupu na ukubwa wa sifuri, kwa lengo moja tu la kupima urefu. Kisha inatenga urefu huo na baiti moja zaidi, inaandika, na inalinganisha vipimo viwili ili kuona kama kuna kilichobadilika katikati. Ukiweka vscnprintf pale mwanzo, kipimo kitakuwa sifuri na itatengwa baiti moja. Hakuna mtu makini atakayefanya hivyo katika faili ile mashuhuri, lakini mtindo huohuo wa kupima kwanza unatumika katika draiva ambazo hazina macho mengi juu yake, na huko ndiko viraka vya kusafisha maonyo hupelekwa kwa wingi.

Kwa hiyo, kama ningeombwa kuandika ujumbe wa onyo hili, nisingeishia kwenye kusema kwamba scnprintf inapendelewa. Ningesema: kama thamani inayorudishwa inatumika kusogeza nafasi ndani ya bafa, tumia scnprintf; kama inalinganishwa na ukubwa wa bafa ili kutambua kukatwa, iache ilivyo. Hiyo ni sentensi ndefu kuliko desturi ya checkpatch, ambayo hupenda ujumbe wa mstari mmoja wenye kiungo cha maelezo. Nafahamu kwamba kiungo kipo, na kwamba tangu mwaka 2021 kuna ukurasa wa nyaraka unaoeleza aina za maonyo, pamoja na chaguo la --verbose linaloyaleta maelezo hayo kwenye skrini. Bado nashikilia kwamba sharti linaloamua kama ushauri ni sahihi au si sahihi halipaswi kuwa nyuma ya kiungo.

Jambo linalofanana na hili lilijitokeza katika strncpy, funksheni ya kunakili stringi. Funksheni hiyo ina kasoro mbili zinazojulikana: chanzo kikiwa kirefu kuliko bafa, haiweki baiti ya sifuri mwishoni, na msomaji anayefuata ataendelea kusoma kupita mwisho wa bafa; chanzo kikiwa kifupi, inajaza nafasi yote iliyobaki kwa sifuri, hata kama ni maelfu ya baiti. Strscpy, iliyoingia kerneli katika toleo la 4.3 mwaka 2015, huweka sifuri ya mwisho daima, haijazi kilichobaki, na hurudisha -E2BIG ikiwa imelazimika kukata. Kwa stringi ya kawaida hakuna sababu ya kutoichagua.

Lakini kuna mahali ambapo ule ujazaji wa sifuri ndio uliokuwa unazuia kuvuja kwa data. Fikiria struct (kundi la data) iliyo kwenye stack (kumbukumbu ya muda ya funksheni), haijasafishwa, ina safu ya baiti 32 kwa ajili ya jina, na mwishoni inanakiliwa nzima kwenda kwa mtumiaji kupitia ioctl, mwito wa programu kwa kerneli. Kwa strncpy, jina la herufi tano linafuatwa na sifuri 27. Kwa strscpy linafuatwa na sifuri moja, na baiti 26 zinazobaki si lazima zisafishwe. Zinaweza kwenda kwa mtumiaji zikiwa na mabaki ya chochote kilichokuwa kwenye stack. Hapo panahitajika strscpy_pad, ambayo hujaza nafasi iliyobaki kwa sifuri. Na kuna sehemu ambazo si stringi kamwe, ingawa zinabeba herufi: jibu la INQUIRY (ombi la kutambua kifaa) la SCSI, itifaki ya diski na vifaa vingine, lina baiti 8 za jina la mtengenezaji, 16 za jina la bidhaa na 4 za toleo, zote zikijazwa kwa nafasi tupu na bila sifuri ya mwisho. Ukiweka strscpy katika sehemu ile ya baiti 8, utapoteza herufi ya nane ili kupata sifuri ambayo kifaa hakiitaki.

Onyo la checkpatch kuhusu strncpy linataja strscpy, strscpy_pad na __nonstring (alama ya kutangaza safu isiyo stringi) kwa pamoja katika sentensi moja. Nimelisifu onyo hilo mara nyingi ninapozungumza na wenzangu, kwa sababu kule kutaja njia tatu kunamlazimisha msomaji asimame na kuuliza yake ni ipi. Halimpi jibu la kunakili. Hivyo ndivyo ningependa onyo la snprintf liwe.

Sasa kuna hatari ya aina nyingine, ambayo watu hudhani iliisha zamani: stringi ya fomati (ile yenye alama kama %s) yenyewe kutoka nje. Tangu mwaka 2000 ilipoanza kujulikana kwa upana, kila mwandishi wa C ameambiwa asipeleke data ya mtumiaji mahali pa fomati. Hata hivyo, mwaka 2013 kasoro ya namna hiyo, iliyopewa namba CVE-2013-2851 katika orodha ya udhaifu wa kiusalama unaojulikana, ilipatikana katika register_disk, ndani ya block/genhd.c. Jina la diski lilipelekwa kwa dev_set_name kama fomati, na mtu aliyeweza kuandika kwenye parameta ya new_array ya moduli ya md (inayounganisha diski kadhaa) aliweza kuunda kifaa chenye alama za asilimia ndani ya jina lake. CVE-2013-2852, ya mwaka huohuo, ilikuwa katika draiva ya b43 ya kadi za Wi-Fi, pale ambapo parameta ya moduli iliishia ndani ya ujumbe wa makosa uliotumika kama fomati. Marekebisho ya ile ya kwanza ni "%s" tu iliyoongezwa kabla ya disk->disk_name.

Mwaka huohuo vsnprintf ya kerneli iliacha kuikubali %n, ile alama inayoandika kwenye kumbukumbu badala ya kusoma, na siku hizi ikikutana nayo inaichukulia kama alama isiyotambulika. Hilo lilipunguza madhara makubwa zaidi, lakini halikuyamaliza. Alama ya %s isiyo na hoja yake itachukua thamani yoyote iliyopo kwenye rejista au stack na kuisoma kama anwani, na kinachofuata ni ama kuvuja kwa data au kuanguka kwa kerneli.

Je, hili nalo liwe onyo la checkpatch? Hapa ninasita. Ruwaza inaweza kunasa mwito wa dev_set_name au pr_info ambao fomati yake haianzi na alama ya nukuu. Lakini kerneli imejaa makro zinazopanuka kuwa stringi thabiti, na ruwaza haiwezi kujua kama jina lililoandikwa kwa herufi kubwa ni makro ya namna hiyo au ni kitu kingine. Kompaila inajua. Kompaila ya GCC ina onyo la -Wformat-security kwa kazi hiyohiyo, ingawa kwa muda mrefu kerneli imekuwa ikijengwa huku onyo hilo likiwa limezimwa kwa sababu ya kelele zake. Kazi ambayo kompaila inaifanya kwa uhakika haifai kuigwa na skripti inayokisia. Ningependelea mkaguzi wa mtindo amkumbushe mwandishi jambo ambalo linaisaidia kompaila: kila funksheni mpya inayopokea fomati na hoja zisizo na idadi maalumu ibebe tamko la __printf, ili miito yake yote ikaguliwe. Ruwaza ya kunasa "const char *fmt, ..." katika tamko jipya ni rahisi na haikosei mara nyingi.

Mahali ambapo checkpatch imefanya vizuri ni katika %px. Kabla ya toleo la 4.15, lililotoka Januari 2018, %p ilichapisha anwani halisi ya kerneli, na kila printk (mwito wa kuchapisha ujumbe wa kerneli) ya aina hiyo ilikuwa msaada kwa mshambulizi anayetaka kujua mpangilio wa kumbukumbu. Tangu toleo hilo %p huchapisha thamani iliyochanganywa kwa ufunguo wa siri unaoundwa mfumo unapowaka, na anayehitaji anwani halisi lazima aandike %px kwa makusudi. Checkpatch inamwonya kwamba huenda anafichua mpangilio wa kumbukumbu, na inamshauri atumie %p kama haihitaji anwani yenyewe. Onyo hilo lina bahati ya kuwa na kitu cha kunasa kisicho na utata, kwani hakuna anayeandika %px kwa bahati mbaya.

Kwa upande wa utekelezaji, kuna jambo ambalo anayeandika ukaguzi wa kwanza hukumbana nalo mapema. Checkpatch hutunza sura mbili za kila mstari. Ya kwanza ni mstari mbichi kama ulivyo kwenye kiraka. Ya pili imesafishwa: maandishi yaliyo ndani ya nukuu yamegeuzwa kuwa X mfululizo, na maelezo ya pembeni yamefichwa, ili neno lililo ndani ya ujumbe lisidhaniwe kuwa msimbo. Onyo linalotafuta jina la snprintf linapaswa kutazama sura iliyosafishwa, la sivyo litawakemea watu kwa kuitaja snprintf katika maelezo yao. Onyo linalotafuta alama za fomati halina budi kurudi kwenye mstari mbichi, kwa sababu katika ule uliosafishwa alama hizo hazipo tena. Pia hoja za mwito mrefu huandikwa kwenye mistari kadhaa, na ukaguzi unaotazama mstari mmoja utakosa fomati iliyoshuka kwenye mstari wa tatu; ndiyo sababu ukaguzi wa viendelezi vya %p hukusanya kauli nzima kabla ya kuhukumu.

Mpaka wa saraka nao ni muhimu. Msimbo ulio chini ya tools unaendeshwa upande wa mtumiaji na kuunganishwa na maktaba ya C, ambako kwa kawaida scnprintf haipo. Kumshauri mwandishi wa huko atumie funksheni ambayo haitajengeka ni kumfundisha kupuuza maonyo, na akishajifunza kulipuuza moja atayapuuza na mengine.

Ninalisema hili la kelele kwa uzito kwa sababu nimeona linavyowaathiri wasimamizi. Viraka vya kusafisha maonyo huja kwa makundi, vingi kutoka kwa watu wanaoanza, na huko si kosa lao: wameambiwa kwamba hiyo ni njia nzuri ya kujifunza. Lakini kila kiraka cha snprintf kinamdai msimamizi afuatilie thamani inayorudishwa mpaka inapoishia, kazi ambayo aliyetuma kiraka alipaswa kuwa ameifanya. Nyaraka za checkpatch zenyewe zinasema kwamba haipatii kila mara, na kwamba uamuzi wa mwandishi unatangulia ujumbe wake. Kwa mantiki hiyohiyo nisingetaka onyo hili lipewe uwezo wa --fix, ambao hutengeneza nakala ya kiraka iliyorekebishwa yenyewe. Kusahihisha nafasi tupu mwishoni mwa mstari kwa mashine ni sawa. Kubadilisha maana ya thamani inayorudishwa si sawa. Mwenye kutaka mabadiliko ya wingi atumie zana ya Coccinelle, inayoelewa muundo wa C na inayoweza kuambiwa ibadilishe tu pale ambapo matokeo yanaongezwa kwenye urefu, na iache pale yanapolinganishwa na ukubwa.

Kabla ya kuleta onyo jipya la aina hii, ningemwomba mleta kiraka afanye jaribio ambalo halihitaji chochote zaidi ya historia ya git. Aiendeshe checkpatch yenye ukaguzi wake mpya kwa chaguo la -g juu ya mabadiliko yote ya toleo moja lililopita, kisha asome kila mstari ulionaswa na kuandika matokeo yalitumiwaje: yalipuuzwa, yaliongezwa kwenye urefu, yalilinganishwa na ukubwa, au yalitumika kupima tu. Makundi hayo manne ayaweke katika maelezo ya kiraka pamoja na mifano kutoka faili halisi. Ikiwa mengi yamepuuzwa au yameongezwa kwenye urefu, onyo linastahili ngazi ya onyo. Ikiwa sehemu kubwa yalilinganishwa na ukubwa, basi lishushwe kwenye ngazi ya --strict, au ruwaza ifundishwe kuruka mstari wenye alama ya >= baada ya mwito, na ujumbe utaje waziwazi kwamba ukaguzi wa kukatwa usiguswe.